Programu Isiyokuwa na Mwenyewe

Wiki chache zilizopita fundi alikuja ofisini kwetu kuniangalizia kompyuta, maana ilikuwa imefikia hatua ukiiwasha unaweza kwenda kunywa chai ukarudi ukaikuta bado inajivuta. Akaifungua mgongoni, akapuliza, na ile harufu ikanijia moja kwa moja puani, harufu ya vumbi lililokaa kwenye joto muda mrefu. Kabla sijakaa sawa akaanza kunisomea orodha ya programu zilizomo, mkono kwenye mausi, na kila moja ananiuliza kama naitumia au aitoe. Ya tatu au ya nne hivi nikamwambia asubiri, nikatoka nje nikasimama pale wanapoegesha pikipiki. Mtu mzima na heshima zangu, nakimbia orodha ya programu! Niliporudi nilimwambia aziache zote, ikiganda acha igande.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili tulipokuwa na kompyuta nyumbani kwetu Sofu. Baba aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, ikaja imefungwa ndani ya boksi la televisheni, ile ya zamani yenye kisogo kikubwa nyuma. Mama akaifumia kitambaa cheupe chenye maua ya bluu, sawasawa na vile vya kwenye makochi, na watoto wa jirani walikuwa wakija kuomba maji ya kunywa ili tu wapite sebuleni waione. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baba alikuwa anafanya kazi katika ofisi moja ya serikali Kisarawe, mambo ya mipaka ya vijiji na mashamba. Alipanga chumba huko. Jumatatu alfajiri anaondoka, Ijumaa jioni anarudi na mkoba wake umevimba makaratasi.

Jumamosi, tukishamaliza chai, alikuwa anatutoa sote sebuleni na kufunga mlango. Alisema kompyuta ile ni nzito, inataka utulivu. Mimi nikaelewa kwamba kompyuta inatusikia, na kelele zetu ndizo zinazoichosha, basi nilikuwa napita koridoni kwa ncha za vidole na kumfinya kaka yangu Shabani akicheka kwa sauti. Tulikuwa tunasikia vile vidude vya kuandikia vinagongwa kimoja, halafu kimya, halafu kimoja tena. Barua ya ukurasa mmoja ilimtoa kwenye chai ikamfikisha adhuhuri.

Niseme ukweli, niliichukia ile kompyuta. Siku tano baba hayupo, siku mbili yupo, na katika hizo mbili moja inaliwa na mashine. Shabani hakujali, yeye alikuwa na mpira wake. Mimi nilikuwa mtoto wa baba. Nilihesabu siku tangu Jumatatu, na ikifika Jumamosi nakaa kizingitini mwa jikoni nimeukodolea macho mlango wa sebule mpaka mama anipe kazi.

Ndipo nikapata la kufanya. Karibu na shule kulikuwa na duka la stationari, na kaka aliyekuwa akichapa barua za watu pale alikuwa mtu wa maneno mengi. Nikamuuliza kwa nini kompyuta inakuwa nzito. Akaniambia inabebeshwa mizigo isiyo na kazi, watu wanaijaza vitu halafu wanavisahau, dawa yake ni kuvitoa. Akanionyesha kwenye ya kwake pa kubonyeza mpaka orodha itokee, na pa kubonyeza kitu kiondoke. Nikarudi nyumbani natembea haraka haraka, nimeshaiona Jumamosi yangu.

Sasa, mama alikuwa na utaratibu wake. Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, nyumba nzima ilitolewa nje. Vyombo, nguo, viatu, madumu, vyote uani. Mama anasimama katikati, kanga kiunoni, ananyanyua kitu kimoja kimoja na kuuliza, "Nani anakitumia hiki?" Ukisema mimi, unakichukua. Ukinyamaza, kinaingia kwenye gunia linalopelekwa Gwata kwa ndugu zake wanaolima huko. Hakuna cha kulia baadaye. Mwaka mmoja koti la baba liliingia guniani kwa sababu alikuwa anasinzia, na mvua zilipokuja alitembea bila koti, akacheka pamoja na sisi.

Mwaka ule nikamwomba mama tuisafishe na kompyuta. Akafurahi sana, akasema kumbe nina akili. Ilikuwa Jumamosi, milango yote wazi, makochi yako uani, kompyuta tu ndiyo imebaki mezani na kiti chake, na baba amekaa kwenye stuli pembeni anasikiliza redio. Nikaivua kitambaa. Nikafungua ile orodha na kuanza kunadi, sauti ileile ya mama. Kila programu naitaja, naangalia nyuma, nauliza nani anaitumia hii. Mama akawa anasikiliza mlangoni na ufagio wake. Shabani kazi yake kudai magemu. Zikaondoka mbili tatu ambazo hata Shabani hakuzijua, na kila ikiondoka mama anasema haya, nyingine.

Nikafika kwenye moja yenye jina refu la Kiingereza. Nikalisoma kwa kukwamakwama. Shabani, ambaye alikuwa sekondari na Kiingereza chake kimemjaa kichwani, akaja kuchungulia.

"Hiyo inakuza maandishi," akasema. "Ya vipofu hiyo. Imefuata nini humu?"

Tukacheka. Mama alicheka, mimi nikacheka zaidi ya wote. Nikageuka na kuuliza kama utaratibu unavyotaka, "Nani anaitumia hii?" Baba alikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa. Alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio kidogo. Nikauliza mara ya pili. Kimya. Nikabonyeza, ikaondoka, mama akasema haya, nyingine.

Jumamosi iliyofuata baba akafunga mlango kama kawaida. Safari hii hatukusikia hata kidude kimoja kikigongwa. Kimya kuanzia chai mpaka adhuhuri. Alipotoka alikwenda kuswali, akarudi akala matonge mawili, akalala. Mimi nikajua kompyuta bado nzito. Kwa hiyo Jumapili, yeye akiwa msikitini, nikatoa na magemu ya Shabani bila kumuuliza mtu, na Shabani alipogundua alinizaba kofi lililonifanya nisikie mlio sikioni mpaka jioni. Sikujali. Nilikuwa napigania Jumamosi yangu.

Wiki iliyofuata ndipo mlango ulipofunguka katikati ya asubuhi na baba akaniita. Akaniambia niingie na nifunge. Alisema mwanga wa skrini unamuumiza macho siku hizo, nimsomee kilichoandikwa. Nikamsomea. Akanitamkia cha kujibu, nikaandika kwa vidole viwili. Majina ya vijiji vya Kisarawe yalinishinda mwanzoni, akanifundisha kuyaandika, Mzenga, Maneromango, Marumbo. Tukamaliza kazi yote kabla mama hajateleka wali. Baba akacheka, akanishika kichwa, akasema ningekuwa na mshahara wangu.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi nikawa wa mle ndani. Ijumaa akirudi analeta korosho zimefungwa kwenye gazeti, na fungu langu lilikuwa kubwa kuliko la Shabani. Mama aliuliza siku moja kwa nini mtoto mdogo anafanya kazi za ofisi. Baba akasema ananifundisha kompyuta, maana ndiyo dunia inakokwenda. Mama akaridhika, mwalimu yule.

Siri yake niliijua kwa ujinga wangu mwenyewe. Siku moja alinikatalia kitu, hata sikumbuki nini, nikanuna. Nikiwa nimekaa pembeni yake nikamtolea ulimi. Kwetu ukimtolea mzazi ulimi hulali salama. Nikangoja kofi. Baba akaendelea kunitamkia barua kwa upole kabisa. Nikamtolea tena, mrefu, uso umemgeukia yeye. Hakuna kitu.

"Baba, hunioni?" nikamuuliza.

Aliacha kunitamkia barua. Kisha akaniambia nikikaa mbele yake ananiona, upande wa kulia, kwa mbali kidogo. Pembeni ni giza. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaondoka lote na hakujua lini hasa. Alisema haya kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekutajia saa.

"Mama yako asijue, mama. Akijua atanipeleka hospitali. Hospitali wataandika karatasi, karatasi itafika ofisini, na mimi nitarudishwa nyumbani nikae. Hii ni yangu na yako."

Nikaitikia kwa kichwa. Halafu nikakumbuka, nikasema ndiyo.

Mnisikilize nilichokielewa kwa akili ya miaka kumi na miwili. Nilielewa kwamba mimi ndiye niliyefuta macho yake. Kabla ya ile siku ya usafi alikuwa anafunga mlango na kufanya kazi mwenyewe. Nikatoa programu, na tangu hapo hawezi. Nilikwenda kwa yule kaka wa stationari nikamuuliza kitu kikishafutwa kinakwenda wapi. Akasema kuna kapu la taka mle ndani, vingine vinakaa humo. Nikarudi nikalifungua kapu lile, nikapekua, nikakuta picha za magari za Shabani na barua mbovumbovu. Macho ya baba hayakuwemo. Nililia kimyakimya nikiwa nimeshika mausi, kisha nikajifuta uso kwa kitambaa cha maua.

Idi ya kuchinja tulikwenda Mlandizi kwa Baba Mkubwa, kaka yake baba, kama kawaida yetu. Baraza limejaa watu, kila mtu anampa mwenzake mkono. Baba Mkubwa akanyanyuka pembeni, upande wa kushoto wa baba, akamnyooshea mdogo wake mkono na kumtakia Idi njema kwa sauti ambayo makelele yaliimeza. Baba akapita. Akaenda kukaa zake mkekani. Ule mkono ulibaki hewani na watu wote wakauona. Chakula kilipoletwa Baba Mkubwa hakula sinia moja na sisi.

Njia nzima ya kurudi mama alikuwa anamsema. Kwamba ofisi imemlevya, kwamba amemwaibisha kaka yake aliyemlea, mbele ya wakwe na majirani, siku ya Idi. Neno moja lingemwokoa baba. Hakulisema. Alikubali kwamba ana kiburi, akaahidi kwenda kuomba radhi. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao na mkoba wa nyama mapajani. Na mimi neno nilikuwa nalo.

Nilikaa nalo miezi saba.

Lililomfichua lilitokea Kisarawe, na sisi tuliletewa habari na mfanyakazi mwenzake aliyemrudisha nyumbani siku ya Jumanne, mchana kweupe, siku ambayo baba hakutakiwa kuwa Sofu. Kumbe matangazo yote tuliyokuwa tukiyaandaa Jumamosi alikuwa anayashika kichwani neno kwa neno. Akiwa mbele ya wanakijiji ananyanyua karatasi na kuyatamka, na watu wakimwona anasoma vizuri kabisa. Lakini tangazo moja lilibadilishwa ofisini baada ya kutoka kwetu, ukaguzi wa mipaka ukasogezwa kutoka Jumatano kwenda Alhamisi. Baba akapewa karatasi mpya, akaishika, akatamka ile ya zamani. Jumatano wazee wa kijiji kizima wakakaa mipakani kwenye jua mpaka alasiri, na hakuna ofisa aliyetokea. Walipokuja juu, mkuu wake akamwita ofisini na kumwambia asome ile karatasi palepale. Baba akaanza kutamka ileile ya zamani, "Siku ya Jumatano." Mkuu akachukua karatasi nyingine mezani, akampa, akamwambia na hii. Baba akaishika. Yule mwenzake alisema ilikuwa vibaya sana kuangalia.

Mama alimsikiliza mgeni mpaka mwisho. Akamshukuru, akampa maji, akamsindikiza. Aliporudi hakumgombeza baba hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Kesho yake akaomba ruhusa shuleni, akampeleka hospitali Dar es Salaam, na mimi niling'ang'ania nguo yake mpaka wakanichukua.

Daktari alisema ni presha ya macho. Alieleza taratibu, akimwangalia mama zaidi, kwamba ugonjwa huu hauumi, unakula mwanga kidogo kidogo kuanzia pembeni, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Jicho la kushoto asihangaike nalo. La kulia angejaribu kulilinda kwa dawa, lakini alisema asitudanganye, limechelewa. Mama akauliza limechelewa kwa muda gani. Daktari akafikiri. Akasema kama tungefika miezi sita au saba iliyopita, angekuwa na matumaini ya kumbakizia mwanga wa kumtosha kusoma.

Tulikaa kwenye benchi la nje tukingoja dawa. Baba katikati, mama huku, mimi huku. Mama akainama mbele ili anione.

"Wewe ndiye ulikuwa unakaa naye mle ndani, Zaina. Ulijua?"

"Sikujua, mama," nikasema.

Baba alinisikia. Magoti yake yalikuwa yanagusana na yangu. Akajikausha, akaendelea kutazama mbele.

Mwanga wa jicho la kulia ulidumu miaka miwili na kidogo. Nilipokuwa kidato cha pili alikuwa ananitambua kwa hatua zangu tu. Baba Mkubwa alikuja kutoka Mlandizi, akamshika mkono, na wazee wale wawili wakalia sebuleni. Mama hakulia mbele yetu. Yeye ndiye aliyemtilia matone asubuhi na jioni mpaka matone yakakosa maana, ndiye anayemkatia kucha, anayemwambia kilichomo kwenye sahani na kiko upande gani, mwaka hadi mwaka. Na kwa miaka hiyo yote amekuwa akijilaumu kwamba alilala kitanda kimoja na mwanaume anayepofuka na hakuona dalili.

Nilipokua nilielewa kwamba programu haikufuta macho ya mtu. Ningeweza kujisamehe hapo, watu wengi wangejisamehe. Lakini uoga wa mtoto haukuwa sababu yangu yote, na hili sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Sikumwambia mama kwa sababu nilikuwa na raha. Ndiyo, raha. Nilikuwa nimempata baba yangu. Mlango umefungwa, Shabani yuko nje, mama yuko nje, mimi niko ndani na korosho zangu na sauti yake ananitamkia majina ya vijiji. Nilijua ndani ya roho yangu kwamba nikisema, atatibiwa, na akitibiwa sitaitwa tena. Nilipima. Nikachagua Jumamosi.

Baada ya siku ile ya fundi nilikosa raha, nikaenda Sofu. Mama alikuwa jikoni anachagua mchele. Baba amekaa barazani kwenye kiti chake, jua la alasiri limemfika miguuni. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, akaniuliza habari za wajukuu. Nikakaa mbele yake, upande wa kulia, sijui kwa nini, kwake sasa pande zote ni moja. Nikamwambia lile. Nilimwambia kwa maneno haya haya niliyoyaandika hapa, kwamba nilipima na nikachagua.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilitegemea aniambie ulikuwa mtoto, maana ndivyo wazee wanavyosema, na nilikuwa nimejiandaa kulikataa neno hilo.

"Ile programu nililetewa kwenye sidi," akasema. "Sidi ilikuwa mkobani mwangu siku zote. Ningeirudisha jioni ileile."

"Sasa kwa nini hukuirudisha?"

"Wiki ya kwanza ni aibu, baada ya Shabani kusema vile. Halafu nikakuita." Akasugua goti lake. "Na mimi nilikuwa na raha, Zaina."

Sikujua nimkasirikie au nimshike mkono. Nikamshika mkono. Tulikuwa hivyo mama alipoita kutoka ndani akiuliza tunaongea nini mbona sauti zimeshuka. Baba akawahi kujibu, "Hakuna kitu, Mama Shabani." Alijibu upesi mno, kama mtu aliyezoea, na vidole vyake vikanibana kidogo.

Nikautoa mkono wangu. Nikainuka, nikaingia jikoni, nikasimama mbele ya mama na nikamwambia nilijua. Tangu miezi saba kabla ya hospitali. Kwamba aliniuliza kwenye benchi na nikamdanganya, na baba akasikia akanyamaza, na tumekaa hivyo wawili sisi mpaka leo.

Mama hakunikatiza. Aliuweka ungo chini, akajipangusa mikono kwenye kanga, akanipita, akaenda kusimama mlangoni mwa baraza mahali alipoweza kutuona wote. Amezeeka mama yangu. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru.

"Mimi niliwakosea nini?" akauliza.

Baba akaugeuza uso kuifuata sauti yake, mdomo umefunguka. Nilingoja aseme yeye, naye nadhani alikuwa ananingoja mimi.